Si ya Kusahihisha, ni ya Kufuata

4 Machi

Mwanangu Koma,

Marahaba. Barua yako ya mwezi uliopita nairudisha humu ndani ikiwa na makosa tisa, yote nimeyazungushia wino mwekundu. Kosa la tano ni lile lile la tangu ukiwa darasa la tatu: sentensi haiishi. Umeanza na mvua, ukapitia kwa mkubwa wako wa kazi, ukatokea kwenye viatu vinavyokubana, na mwishoni kabisa hakuna nukta. Barua isiyo na nukta mwishoni haijaisha. Huwa nageuza karatasi nikitafuta iliyobaki. Mimi niliyesahihisha prufu miaka thelathini na minane katika kiwanda cha chapa, mpaka mashine zikala masikio yangu yote mawili na mtaa mzima ukaniita Nukta, nimezaa mtu wa namna hii. Haya.

Lile la "natumaini hamjambo nyote" nimelifuta. Tahajia ni sahihi, ila habari si ya kweli. Mama yako hajambo kwa maneno tu.

Miguu imejaa tena. Ukiibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki pale pale kinakutazama. Kutoka kitandani hadi jikoni anapumzika mara mbili, na akifika anadai amekuja kunikagua. Mizani uliyotuletea inasema kilo 64. Wiki mbili zilizopita ilisema 61. Hajala kitu cha kumnenepesha kilo tatu.

Dawa nampa mwenyewe, kwa saa, kama ulivyoagiza ulipokuja likizo. Kidonge cheupe kimoja asubuhi. Cha njano cha presha jioni. Na dawa ya maji kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hiyo ya maji anaikunjia uso, anasema ina chumvi kuliko chakula ninachompikia. Akiba ya zote ipo ya kutosha.

Simu ya posta mimi siisikii, na yeye ngazi za posta hazipandi. Kwa hiyo andika.

Baba yako,
Nukta

Mwanangu, nimemnyang'anya kalamu. Mimi ni mzima, nimevimba tu. Huyu mzee amenipunguzia chumvi mpaka kula kumekuwa adhabu. Humu ndani kuna nukta na koma, lakini maneno ni mimi, kwa hiyo nisikilize mimi: usiache kula, na hivyo viatu vinavyokubana vigawe. Mama.


8 Machi

Baba, shikamoo, na mama pia shikamoo,

Nimeisoma barua nikiwa nimesimama dirishani, foleni ya dawa imefika mpaka nje, na wenzangu waliona ile ya kwangu iliyorudi na wino mwekundu wakaicheka mpaka yule wa stoo akaibandika ukutani, sasa kila anayepita ananiuliza kama nimeshamaliza shule, baba tafadhali, mimi ni mfamasia mtu mzima, watu wananiamini na maisha yao, nionee huruma kidogo.

Kuhusu mama. Kilo tatu kwa wiki mbili ni maji, si mnofu. Moyo wake unasukuma kwa udhaifu, maji yanatuama miguuni, na yakizidi yatapanda mapafuni. Lakini kabla sijagusa dawa yoyote nataka kujua figo zake zikoje, kwa sababu dawa zinazotoa maji zinapita kwenye figo, na figo zikiwa zimechoka hesabu inabadilika yote. Mpeleke kwa tabibu wa kliniki apimwe damu, mwambie nataka kipimo cha figo, kile cha kreatinini, na cha chumvi za damu. Nitumie namba kama zilivyo, usizipambe.

Mama, viatu nimevigawa.

Mwanenu,
Koma


12 Machi

Mwanangu,

Makosa saba. Unapona.

Tulikwenda kliniki. Shangazi yako alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukatumia dakika arobaini kwa njia ya dakika kumi. Mama yako alisalimia kila mtu njiani ili apate kisingizio cha kusimama.

Namba ni hizi, sijazipamba. Kreatinini mwezi wa kwanza ilikuwa 140. Sasa ni 195. Kipimo cha chumvi za damu hakifanyiki hapa, damu inapelekwa maabara kubwa, na majibu hukaa hata wiki mbili. Yale ya mwezi wa kwanza yalisema potasiamu iko chini, ndiyo maana ukamwandikia ile ya kuiongeza. Uzito leo ni kilo 65.

Tabibu ni kijana mwungwana. Aliniandikia kwenye karatasi kwa kuwa sisikii. Ameandika: "Figo zinashuka. Dawa ya kutoa maji inaweza kuzichosha zaidi. Lakini tukiipunguza, maji yatamfika kifuani. Mimi peke yangu naogopa kuamua. Mwulizeni bingwa aliye huko kwa binti yenu."

Sasa nakuuliza wewe. Tupunguze au tuongeze? Figo au moyo? Nimezoea maswali ya herufi kubwa na herufi ndogo. Hili silimudu. Mama yako ananiangalia nikiandika, na mimi nimejitia kukohoa ili asione macho yangu.

Nukta


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu kwenye karatasi chakavu kabla ya kuinakili. Nakuomba jambo moja. Usiitie wino. Hii si ya kusahihisha, ni ya kufuata.

Nimemwonyesha bingwa wa moyo namba za mama. Amesema hivi. Figo za mama hazishuki kwa sababu amekauka. Zinashuka kwa sababu amejaa. Maji yamezibana kutoka nyuma. Tukipunguza dawa kwa kuzihurumia, tutazizamisha. Tukiyatoa maji, huenda zikapumua. Namba inaweza kupanda kidogo mwanzoni. Tusitishike.

Amesema pia kwamba figo zilizochoka hazisikii dozi ndogo. Ni kama kukuita wewe, baba. Mtu akikuita taratibu mara kumi hugeuki. Akikuita mara moja kwa nguvu, unageuka.

Kwa hiyo, kuanzia kesho:

Dawa ya maji iongezwe, iwe mara mbili ya ilivyo sasa.

Nyingine zote ziendelee kama zilivyo.

Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kutoka chooni. Damu irudiwe tarehe 28.

Mama, utachoka kidogo. Vumilia. Nataka nikija mwezi wa tano unipokee mlangoni kwa miguu yako.

Mwanenu,
Koma


22 Machi

Mwanangu,

Umesema nisisahihishe, nimetii. Lakini jicho la kazi haliachi. Nimeisoma barua yako ya tarehe 15 kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kama tulivyokuwa tukifanya kwa tangazo la serikali. Haina kosa hata moja. Kila sentensi ina nukta yake. Ni mara ya kwanza tangu ujue kushika kalamu. Nilimsomea mama yako kwa sauti, nadhani kubwa mno, maana jirani alikuja kuuliza kuna nini. Nimeiweka kwenye kioo cha kabati.

Nimefuata neno kwa neno. Dawa ya maji sasa anapata maradufu. Uzito tarehe 17 ulikuwa kilo 65, tarehe 20 kilo 65 na nusu, leo 66. Haushuki. Labda inahitaji muda. Wewe ndiye unayejua.

Jana alikataa kuamka, akasema mikono imekuwa mizito. Nikamfanyia mzaha kwamba ni uvivu. Alicheka nusu.

Anataka kalamu.

Nukta

Mwanangu, sitaki kukutia wasiwasi na kazi zako. Ila hii dawa ya maji imenichosha. Tangu iongezwe sijielewi. Vidole vinafa ganzi, mikono kama si yangu, na moyo unaruka halafu unakaa kimya kidogo kama umesahau unachofanya. Ni lazima niendelee nayo? Ukisema ndiyo nitaendelea, sikatai, nauliza tu. Baba yako anatembea na barua yako kama mtu aliyeshinda tuzo. Mama.


25 Machi

Baba na mama, shikamooni,

Naandika haraka, wanafunga posta.

Kama uzito haushuki maana yake dozi bado haijasikika, bingwa alinitahadharisha kwamba hili linaweza kutokea, tumbo nalo likijaa maji halinyonyi dawa vizuri, kwa hiyo tupige hatua nyingine. Dawa ya maji sasa iwe mara tatu ya ilivyokuwa mwanzo. Kisipobadilika kitu kwa siku nne nitaomba ruhusa, nije nimlete huku alazwe, apewe kwa sindano.

Mama, najua inachosha, kukimbilia chooni kutwa nzima si mchezo, na mwili ukitokwa na maji viungo vinalegea. Ndiyo inavyofanya kazi. Ndiyo mama, lazima uendelee nayo. Siku chache tu. Nakuomba.

Koma


SIMU YA MAANDISHI
30 Machi

MAMA AMEFARIKI LEO SAA MBILI ASUBUHI. NJOO. BABA


29 Aprili

Mwanangu,

Wiki mbili na zaidi tangu urudi kazini, na barua hujaleta. Naanza mimi.

Nyumba ipo. Shangazi yako anakuja kila siku, anafua nguo zilizo safi kwa kuwa hajui afanye nini na mikono yake. Mizani nimeisukuma chini ya kitanda. Asubuhi bado naamka kwa saa ya dawa, nachemsha maji, nachukua kijiko, ndipo nakumbuka. Kijiko nakirudisha. Kesho yake vile vile. Nimekaa na yule mwanamke miaka arobaini na moja nikijua ananijibu hata nisiposikia, maana nilikuwa naona mdomo wake. Sasa naangalia mlango, hakuna mdomo. Inauma, mwanangu. Sikujua kwamba inauma kifuani hasa, mahali kabisa, kama pigo.

Siku za msiba hukusema nami sana. Uliosha vyombo vya watu wote. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Jambo moja dogo. Chupa za kahawia za ile dawa ya mama yako zilikuwa tatu kwenye rafu ya jikoni. Sizioni. Mama yako alipenda kuwekea vifungo kwenye chupa tupu. Shangazi anasema hajazigusa. Je, unajua zilipo?

Nukta


4 Mei

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Kazi ni nyingi.

Chupa nilizirudisha hospitalini kwetu. Ni utaratibu, chupa tupu hurudishwa. Nilipaswa kukuambia.

Pole baba. Kula. Nitakuja mwisho wa mwezi nikipata ruhusa.

Mwanao,
Koma


9 Mei

Mwanangu,

Nairudisha barua yako. Ina alama moja tu. Nimeiweka pambizoni, mbele ya neno "utaratibu". Ni alama ya kuuliza.

Sentensi zako zote zilikuwa fupi. Wewe huandiki sentensi fupi ila ukiwa umeziandika kwanza kwenye karatasi chakavu.

Nukta


14 Mei

Baba,

Hakuna utaratibu wowote, nilikudanganya, chupa ziko kwenye kabati langu la kazini nyuma ya koti, nimezifunga kwenye taulo, na kila nikifungua kabati zinagongana na mimi nafunga haraka watu wasisikie, nimechoka baba, acha nikuambie kisha ufanye utakavyo.

Siku ya pili ya msiba niliingia jikoni kutafuta majani ya chai. Nikaona boksi la vidonge vyeupe. Kazi yangu ni kuhesabu vidonge, mikono ilihesabu kabla sijafikiri. Kwa dozi ya mara mbili, kisha mara tatu, boksi lilitakiwa kuwa limekwisha. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Pembeni yake zilikuwa chupa tatu, na zote zilikuwa tupu.

Baba, nilipoandika dawa ya maji nilimaanisha vile vyeupe. Huku hospitalini sote tunaviita hivyo, daktari, nesi, hata mfagiaji, kwa sababu vinatoa maji mwilini. Dawa ya maji. Naitamka labda mara hamsini kwa siku. Na kumbe huko nyumbani dawa ya maji ni dawa ya chupa, ile inayomiminwa, kama watu wote duniani wanavyosema, kama mimi mwenyewe nilivyosema nikiwa mtoto na kikohozi. Uliniandikia tarehe 4 Machi, imo kwenye barua yako, waziwazi: kidonge cheupe, cha njano, na dawa ya maji kijiko kimoja. Niliisoma nimesimama dirishani.

Ile ya chupa ilikuwa potasiamu. Figo nzima hutoa inayozidi. Zilizochoka haziwezi, inabaki kwenye damu, na ikizidi inausimamisha moyo. Mama alituandikia dalili zake zote, moja moja, ganzi, mikono mizito, moyo unaosahau. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angezitambua. Aliniuliza kama ni lazima aendelee nayo, na mimi nikamjibu ndiyo mama, lazima, nakuomba. Alikunywa kwa sababu nilimwomba.

Nilizichukua chupa ili usije ukajua. Nilitaka uamini kwamba ni moyo tu, ulichoka, basi. Kila usiku najiambia wewe ulifuata ulichoandikiwa, na kwamba ni mimi niliyekuandikia usisahihishe. Ungenitia wino kama siku zote mama angekuwa hai.

Nimeacha dirisha. Nimeomba wanihamishie stoo, huko naandika namba tu za maboksi. Siwezi tena kuandika maelezo ya dawa ya mtu.

Usinijibu kama huwezi. Nitaelewa

Koma


20 Mei

Mwanangu Koma,

Barua yako haina nukta mwishoni. Niligeuza karatasi. Hakukuwa na kitu upande wa pili, nikakaa nayo mezani mpaka chai ikapoa.

Sasa nisikilize.

Nilijua. Nimejua tangu tarehe 11 Aprili, siku uliyopanda basi kurudi kazini. Wewe umeondoka asubuhi, mchana tabibu akaja na majibu ya maabara kubwa, ya damu iliyochukuliwa tarehe 28. Aliyaweka mezani, akaweka kidole kwenye namba ya potasiamu: 8.1. Akaandika kwenye karatasi: "Alikuwa anakunywa nini?" Nikamwonyesha barua yako kwenye kioo cha kabati, nikamwambia dawa ya maji, vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Alisoma barua. Akanitazama. Akaniandikia neno moja: "Vidonge." Alikaa nami mpaka shangazi yako alipokuja, kisha akaenda zake. Nilimshika mkono mlangoni, nikamwomba asikwambie wewe kamwe.

Chupa sikuziulizia kwa ajili ya vifungo. Nilikwenda kuzichukua nikazifukie nyuma ya nyumba kabla hujaja tena ukazihesabu, kwa maana nazijua hesabu zako. Nikakuta rafu tupu. Nikasema, Mungu wangu, ameshaziona. Ndipo nikakuandikia kwa hila, na wewe ukanijibu kwa hila. Kumbe tulikuwa tunazificha chupa zile zile, mimi nikikuficha wewe na wewe ukinificha mimi.

Sasa suala la nani ana kosa. Hili ni la fani yangu, na ndani yake sikubali kubishiwa na mtu aliyesomea dawa.

Kiwandani tulikuwa na sheria. Neno likiwa na maana mbili, msahihishaji halipitishi. Haijalishi limeandikwa vizuri namna gani. Anaweka alama ya kuuliza pambizoni na kumrudishia mwandishi: unamaanisha ipi? Mwandishi hawezi kuona, kwa sababu kichwani mwake maana ni moja. Ndiyo sababu msahihishaji aliajiriwa. Gazeti likitoka na kosa aliitwa msahihishaji ofisini, mwandishi hakuitwa. Niliitwa mara mbili katika miaka thelathini na minane, na mara zote mbili nilikubali.

Tarehe 17 Machi nilisimama jikoni, barua yako mkono huu, kijiko mkono huu. Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni kama siku zote. Vyeupe ndivyo vilivyokuwa vinampeleka mama yako chooni, nilikuwa nalijua hilo, mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono. Na wewe uliandika habari za kutoa maji. Nikajiuliza: ni ipi hii? Swali lilinijia, Koma. Lilinijia waziwazi, limesimama mbele yangu kama wewe ulivyokuwa ukisimama mlangoni ukiwa mdogo unataka kusema kitu.

Nikalifukuza. Nilisema, mfamasia ni yeye, ameandika dawa ya maji, na dawa ya maji ni hii inayomiminika. Nilisema, ameniomba nisimtie wino. Na zaidi ya hayo, nikwambie ukweli wote, nilikuwa na furaha. Barua safi, ya kwanza, kutoka kwa mwanangu. Sikutaka kuichafua kwa alama.

Wala si mara moja. Alhamisi ile, siku mbili kabla hajafariki, mama yako alinishika shati akanifanya nimwangalie mdomo. Alisema: "Nukta, muulize mtoto." Nikamwambia, mtoto ameshajibu. Akanywa. Alivinywa vijiko vyote vitatu na kunirudishia kijiko, akasema ahsante.

Hiyo nimeibeba peke yangu kwa wiki saba. Sikuandikii ili nikupokonye mzigo wako, najua hautoki kwa kuambiwa. Nakuandikia ujue kwamba hauko peke yako chini yake. Ulikosea neno. Mimi nililiona neno na nikalipitisha. Nakulilia wewe na namlilia yeye, na sioni aibu, machozi yameharibu aya mbili za juu imenibidi ninakili upya.

Humu ndani utaikuta barua yako ya tarehe 15 Machi. Nimeitoa kwenye kioo. Nimeitia wino. Ina alama moja tu, pambizoni, mbele ya maneno matatu, na chini yake nimeandika: "Ya chupa au ya vidonge?" Nimechelewa siku sitini na nne kuiweka.

Usiitupe. Rudi dirishani nayo. Kuna mzee huko kwenye foleni, mkewe amevimba miguu, ameshika barua au cheti na anaona haya kumuuliza mtu aliyesoma. Wewe umwulize yeye. Mwulize nyumbani kwao hiyo dawa wanaiitaje. Ukikaa stoo, nani atamwuliza?

Mama yako alisema humu ndani kuna nukta na koma, maneno ni yeye. Alikuwa anatania, lakini ni kweli. Nakaa na karatasi hizi na sina maneno, nina alama tu. Chukua ruhusa, usingoje mwisho wa mwezi. Chupa zilete, tutazifukia pamoja. Shangazi yako ametandika kitanda chako tangu jana, na mimi nimeitoa mizani chini ya kitanda changu nimpe tabibu, ana wagonjwa wengine.

Nukta ya barua hii sijaiweka, nimekuachia uje uiweke wewe kwa mkono wako

Baba yako